Mgodi mdogo wa makaa ya mawe uliotelekezwa: historia yake isomwe wapi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye ujuzi wa miamba na wa historia ya uchimbaji. Mara kwa mara hupita penye mgodi wa makaa ya mawe uliotelekezwa, mdogo kiasi kwamba sijapata popote maandishi yanayoutaja. Kilichobaki ni mlango wa njia iliyochimbwa kuingia kilimani, ambao nusu yake imezibwa na udongo, pamoja na rundo la kifusi cheusi lililoota nyasi haba, na kijito kinachotoka mlangoni ambacho mawe yake yote yamefunikwa na utando wa rangi ya machungwa. Sijaingia ndani wala sitaingia. Je, vitu hivi vya nje vinatosha kunieleza makaa haya yalitokana na nini, yalichimbwaje, na kwa nini yaliachwa?

Jibu la kwanza

Anza na kifusi, ndugu yangu, kwa sababu wachimbaji waliuza makaa na kumwaga nje mawe yasiyo na faida kwao, na hayo ndiyo yenye faida kwako. Tafuta vipande vya kijivu vinavyobanduka kama kurasa. Hilo lilikuwa tope lililokifunika kinamasi, na mara nyingi mimea ya wakati ule imeacha humo alama nyeusi. Ukikuta majani yenye umbo la ulimi, yenye mshipa mkuu katikati na vishipa vilivyosukana kama wavu, huo ni mmea uitwao Glossopteris, na makaa yako ni ya kipindi cha Permi, kati ya miaka milioni 299 na milioni 252 iliyopita, wakati Afrika, India, Australia na Antaktika zilipokuwa zimeungana. Ukikuta gome lenye makovu ya umbo la almasi yaliyopangwa kwa mistari ya mshazari, hilo ni la Lepidodendron, mti wa vinamasi ulioweza kufikia mita 30, na aghalabu huelekeza kwenye kipindi cha Karboni kilichotangulia, ambacho ndicho kilichoacha makaa mengi ya Ulaya na ya mashariki mwa Marekani.

Tafuta pia udongo mgumu uliopauka, usio na matabaka, wenye nyuzi nyeusi zilizopenya ndani yake. Hiyo ndiyo ardhi ambamo mimea ya kinamasi ilisimama, na nyuzi hizo ni mizizi. Kila ninapoushika hunishangaza kuliko makaa yenyewe, kwa kuwa katika makaa mmea umegandamizwa hadi umepoteza umbo, ilhali mzizi ungali ndani ya udongo uleule ulioota.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimerudi leo nikapekua pembezoni mwa kifusi, nikapata gome lenye makovu ya almasi, kila kovu likitoshana na ukucha wa kidole gumba, na bonge moja la udongo uliopauka wenye mizizi. Kando ya mlango, tabaka la makaa linaonekana kwa nje, na unene wake haufiki kiunoni.

Jibu la pili

Unene huo unaeleza mengi. Mchimbaji alilazimika kupiga magoti au kulala ubavu, akikata kwa sululu sehemu ya chini ya tabaka kabla ya kuyaangusha makaa ya juu yake. Katika migodi midogo ilizoeleka kuchimba vyumba na kuacha nguzo za makaa yenyewe zishikilie dari. Wakati wa kuondoka, wengi walizichimba hata nguzo hizo huku wakirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Ni nadra mgodi kuachwa kwa sababu makaa yamekwisha kabisa. Tabaka huweza kukatika ghafla penye mpasuko wa miamba, upande mmoja ukiwa umeshuka mita kadhaa, na mwenye mgodi mdogo hana mtaji wa kulitafuta. Au maji huishinda pampu. Sheria nayo iliongeza gharama. Huko Uingereza, katika mgodi wa Hartley mwaka 1862, boriti ya injini ya pampu ilivunjika ikaangukia ndani ya shimo pekee la kuingilia, wakafa wanaume na wavulana 204, na mwaka huohuo sheria ikataka migodi iwe na njia mbili za kutokea. Kwa hiyo angalia kama kilimani kuna dalili ya mlango wa pili. Sheria ya huko ya mwaka 1872 ilitaka ramani ya mgodi unaoachwa ikabidhiwe serikalini. Penye utaratibu kama huo, ulizia kwenye hifadhi ya ramani hizo.

Jibu la tatu

Rangi ya machungwa inatokana na pairiti, madini ya chuma na salfa yaliyomo ndani ya makaa na miamba yake. Maji na hewa vikiifikia, hutoa asidi na chuma kilichoyeyuka, na chuma hicho kikikutana na hewa ya nje huganda kuwa utando huo wa kutu. Usinywe maji hayo.

Umefanya vyema kutoingia, lakini hata mlangoni usikae. Methani hulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa, na hewa iliyopungukiwa oksijeni, ambayo haina harufu, hutoka yenyewe mgodini kanieneo ya hewa ya nje inaposhuka, kama vile dhoruba inapokaribia. Ukipanda kilimani kutafuta mlango wa pili, zunguka mbali na kila sehemu iliyobonyea, kwani chini yake huenda nguzo zilishaondolewa.