SINEMA BARAZANI (Jumamosi baada ya Isha)

Alhamisi

Da Mwanaidi, 19:41
Assalaam alaykum. Nakumbusha tena. Jumamosi baada ya Isha tunaonyesha Gravity, ile filamu ya wanaanga ya 2013, barazani kwa Babu. Kila aliyeahidi pengo moja la filamu, yaani kosa lake la kisayansi, alilete hapa leo na namba zake, nipange karatasi ya vijana. Mpaka sasa ninalo la Idrisa tu, nalo nusu.

Da Mwanaidi, 19:58
Naona mmesoma wote. Jibuni jamani.

Idrisa, 20:06
Waalaykum salaam. Nalimalizia. Darubini ya Hubble, filamu ilipotoka, ilizunguka kama kilomita 550 juu, njia yake imeinama digrii 28.5 kutoka ikweta. Kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kiko kilomita 400 na kitu, njia yake imeinama digrii 51.6. Mwanaanga Kowalski (George Clooney) anamkokota mwenzake Stone (Sandra Bullock) kutoka Hubble mpaka ISS kwa mkoba wa mgongoni wa vijeti vya gesi. Watu hubishana umbali na urefu wa kwenda juu. Shida kubwa ni ule mwinamo.

Idrisa, 20:09
Hesabu: mwendo wao ni kilomita 7.6 kwa sekunde, tofauti ya pembe kwa uchache digrii 23.1. Mara mbili ya mwendo, zidisha kwa sin ya nusu ya pembe: 2 × 7.6 × sin 11.55 = kilomita 3 kwa sekunde. Hicho ndicho unachopaswa kubadili ili uingie njia ya pili. Mkoba halisi wa NASA (shirika la anga la Marekani), MMU, uliotumika 1984, ukijazwa gesi yote ulitoa kama mita 24 kwa sekunde. Kapungukiwa zaidi ya mara 120.

Shemeji Hamadi, 20:11
Konda: "Mwisho wa gari Hubble! Wa ISS wateremke!" 😂😂

Mama Nasra, 20:11
😂😂😂

Shemeji Hamadi, 20:12
Na nauli kashalipa

Da Mwanaidi, 20:12
Shemeji tafadhali. Idrisa, nimelinakili. Zuwena, la kamba liko wapi? Omari, projekta?

Fundi Omari, 20:20
Projekta ninayo na taa yake nzima. Kebo ndiyo sina. Ilikwenda na mtu siku ile ya filamu ya The Martian haijarudi. Simtaji.

Idrisa, 20:21
Usianze Omari.

Fundi Omari, 20:22
Nani alisimamisha filamu hata watu hawajakaa vizuri, kisa upepo? Watoto wakaondoka. Viazi hawakuviona.

Idrisa, 20:25
Upepo ulistahili kusemwa. Hewa ya Mirihi ni nyepesi kama mara 60 kuliko yetu. Nguvu ya upepo hufuata uzito wa hewa mara mwendo kipeo cha pili, kwa hiyo gawanya mwendo kwa kipeuo cha pili cha 60, yaani kama 7.8. Upepo wa kitabuni wa kilomita 175 kwa saa unasukuma kama wa kilomita 22 hapa kwetu. Utatikisa bendera. Kuinamisha roketi iliyosimama, hauwezi. Na bila upepo ule mwanaanga Watney haachwi peke yake Mirihi, hadithi haipo.

Mama Nasra, 20:27
Lakini mwandishi wake, Andy Weir, alisema mwenyewe alilijua hilo. Alitaka sayari ndiyo impige mtu wake wa kwanza.

Zuwena, 20:30
Pale mimi ningeuliza viazi anavyolima Watney, shangazi. Chombo cha Phoenix kilikuta pakloreti kwenye udongo wa Mirihi mwaka 2008, kama nusu ya asilimia. Ni chumvi mbaya kwa tezi ya shingoni. Inayeyuka upesi majini, ungeuosha udongo kwanza. Ila maji anayapata kwa kuchoma haidrazini, mafuta ya roketi: kilo 1 inatoa haidrojeni ya kufanya maji kilo 1.1 tu. Ya kuoshea udongo ayatoe wapi?

Shemeji Hamadi, 20:31
Viazi karai bila kuosha, tunavijua sana barazani kwetu 😂

Mama Nasra, 20:32
Hamadi we! Unanisema mimi?

Da Mwanaidi, 20:34
THE MARTIAN IMEKWISHA. Tuko Gravity. Zuwena, kamba.

Zuwena, 20:40
Samahani shangazi. Stone miguu imenasa kwenye kamba za parachuti ya Soyuz, chombo cha Warusi kilichofungwa kituoni, mkononi kamshika Kowalski kwa kamba. Zile kamba zinanyooka zote mpaka mwisho, wawili wanasimama. Wakishasimama hakuna kitu kinachomvuta Kowalski. Wote na kituo wanaanguka kuizunguka dunia kwa mwendo mmoja. Kumvuta kidogo kwa vidole viwili angemrudia Stone polepole. Filamu inamfanya avutwe kwenda nje kama mtu anayening'inia kisimani, mpaka ajifungue mwenyewe afe.

Idrisa, 20:43
Wapo wanaoitetea. Wanasema kituo kinajizungusha, kwa hiyo kuna nguvu ya kumsukuma nje. Kama ni hivyo nyota na dunia nyuma yao ziwe zinazunguka na wao. Kwenye karatasi andika: "Katika tukio la kamba, tazameni kilicho nyuma, si nyuso."

Da Mwanaidi, 20:44
Hiyo nzuri. Nimeiweka. Omari, lako?

Fundi Omari, 20:51
Langu la madishi. Filamu inasema vipande vya setilaiti vimekata mawasiliano. Dishi ninalokufungia juu ya bati linatazama setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, imetulia sehemu moja ya anga kwa sababu inazunguka kwa muda ule ule wa dunia. Vipande vya kilomita 500 au 600 haviwezi kufika huko. Na setilaiti ambazo Hubble na ISS zinaongelea na ardhini, TDRS za NASA, ziko urefu huo huo. Stone angesikika.

Fundi Omari, 20:53
Ila vipande vyenyewe si uongo, msiwaambie vijana ni uongo. China ilivunja setilaiti yake kwa kombora 2007. Iridium 33 na Kosmos 2251 ziligongana 2009. Urusi ilivunja yake Novemba 2021, waliokuwa ISS wakaingia kwenye vyombo vyao vya kurudia kujihifadhi.

Da Mwanaidi, 20:55
Ahsante Omari. Hivi ndivyo nilivyotaka.

Mama Nasra, 21:02
Mimi nina swali. Ile sehemu anavua suti anabaki na fulana na kaptula fupi. Barazani kwa Babu, wazee wamekaa, watoto wamekaa. Inakuwaje?

Shemeji Hamadi, 21:03
Tuzime taa 😂

Da Mwanaidi, 21:06
Hilo lenyewe ni kosa la filamu. Ndani ya suti ya kutokea nje mtu huvaa nguo ya kubana mwili mzima iliyoshonewa mabomba membamba ya maji, kama mita 90 yakinyooshwa. Maji yanazunguka kuondoa joto la mwili, maana suti haipitishi hewa na kazi ni ngumu. Chini yake nepi, kwa sababu kazi ya nje huchukua saa 6 au zaidi. Stone hana hata kimoja.

Mama Nasra, 21:07
Nimeelewa, lakini sikuuliza hilo. Nauliza tunaruka au haturuki.

Ujumbe huu umefutwa

Da Mwanaidi, 21:15
Hamadi nimeuona kabla hujafuta.

Ijumaa

Ami Seif (Muscat), 05:12
Nimechelewa, nilikuwa kazini. La Idrisa liongezeeni ushahidi. Mei 2009 chombo cha NASA, Atlantis, kilipokwenda kuitengeneza Hubble mara ya mwisho, NASA iliweka chombo cha pili, Endeavour, kwenye jukwaa la kurushia kikiwa tayari kwenda kuwaokoa. Sababu ni hiyo hiyo: Atlantis ikiharibika pale isingeweza kwenda kujihifadhi ISS. Kama chombo kizima chenye injini zake hakifiki, sembuse mkoba.

Idrisa, 05:40
Ami umemaliza kazi. Liwe la kwanza kwenye karatasi.

Da Mwanaidi, 05:44
Tayari. La kwanza obiti, la pili kamba, la tatu madishi, la nne suti.

Babu Mwalimu, 06:20
Nimewasoma wote tangu jana. Mtunzi wa filamu ana haki ya uongo mmoja, auweke mwanzoni, nasi tuukubali ili hadithi ianze. Upepo wa Mirihi ni huo. Hubble na ISS kuwekwa jirani ni huo pia. Kamba haimo humo. Filamu hii tangu mwanzo inatuonyesha yenyewe kwamba angani kinachokwenda hakisimami mpaka kizuiwe, na kilichosimama hakiendi mpaka kisukumwe. Stone anapepesuka kwa sababu hiyo. Kizimamoto kinamrusha kwa sababu hiyo. Kisha inaivunja sheria yake ili Kowalski afe. Kumuua mtu kwa kosa la hesabu ni kumdharau aliyekaa kutazama. Karatasi ianze na kamba. Na filamu isisimamishwe hata mara moja. Idrisa, umenisikia.

Idrisa, 06:31
Nimesikia Babu. Shikamoo.

Babu Mwalimu, 06:32
Marahaba. Na kebo ya Omari irudi.

Idrisa, 06:50
Naam Babu.

Zuwena, 06:51
🙏🏾

Fundi Omari, 07:15
Shikamoo Babu. Ahsante.

Da Mwanaidi, 07:20
Nimepanga upya, kamba kwanza. Filamu ni dakika 91, tukianza saa mbili na nusu tunamaliza saa nne na dakika chache, maswali nusu saa. Idrisa, kebo ile ni ya mita ngapi?

Idrisa, 07:48
Mita 3.

Fundi Omari, 07:52
Haifiki. Projekta ikae nyuma ya mikeka, kompyuta iwe mezani pembeni, inatakiwa mita 10. Ukisogeza projekta mbele, picha inakuwa ndogo kuliko shuka na vichwa vinaingia kwenye mwanga.

Da Mwanaidi, 07:53
Nani ana kebo ya mita 10? Na petroli ya jenereta?

Mama Nasra, 08:10
Babu kasema isisimamishwe. Je, kuruka ndiyo kusimamisha? Bado sijajibiwa la kaptula.

Shemeji Hamadi, 08:14
Petroli mimi lita 5. Kebo sina.

Da Mwanaidi, 08:15
Ahsante Shemeji. Mama Nasra, nitampigia Babu baada ya Ijumaa. Wengine, kebo?

Da Mwanaidi, 11:37
Kebo jamani.