Meno ya Pakasuchus yalionekanaje ilhali mdomo umefumba?

Mwalimu wa Biolojia, Mbeya:
Habari za jioni, ndugu zangu. Nikifundisha mageuzi kidato cha nne hutumia mfano wa Pakasuchus, yule jamaa wa mamba mwenye ukubwa wa paka, aliyepatikana mwaka 2008 katika miamba ya bonde la Rukwa na kutangazwa mwaka 2010. Juzi mwanafunzi alinibana: ikiwa kisukuku kilikutwa taya zimefumbana, walijuaje kwamba alikuwa na magego kama ya mamalia? Nilimjibu kwamba walitumia CT skani, naye akauliza kwa nini sisi tusipeleke mifupa hospitali. Hapo nikakwama.

Mpiga picha za mionzi:
Mwalimu, heshima kwako. CT skani ni eksirei zilezile, ila chanzo cha mionzi humzunguka mgonjwa, kisha kompyuta huunganisha vivuli vya kila upande kuwa vipande vyembamba mithili ya slesi za mkate. Kinachotenganisha kitu na kitu pichani ni jinsi kila kimoja kinavyozuia mionzi: mfupa huizuia kuliko nyama, ndiyo maana kwa mgonjwa kazi ni nyepesi. Kisukuku kimeingiwa na madini, nacho kimo ndani ya jiwe, kwa hiyo mara nyingi mfupa na mwamba hutoka kijivu kimoja.

Kisha kuna udogo. Slesi ya mashine ya hospitali ina unene wa karibu nusu milimita, na jino la mnyama kama huyo ni la milimita chache tu; utaambulia ukungu. Katika mikro-CT, yaani CT ya vitu vidogo, kitu chenyewe ndicho kinachozungushwa mbele ya mionzi, na kwa kuwa mfupa hauogopi saratani, unaweza kuachwa humo kwa saa nyingi hadi mambo ya kiasi cha mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) yaonekane.

Mhitimu wa akiolojia, Iringa:
Naongeza jambo linalosahaulika. Mfupa wa zama za dinosaria, kama wa Pakasuchus, hauna tena vinasaba vya kuharibiwa. Mifupa ya watu waliozikwa katika pango la Mlambalasi, huku kwetu Iringa, ni ya juzi tu ukilinganisha, na hapo tahadhari inahitajika: skani ya kawaida haitishi, lakini mionzi mikali ya sinkrotroni (mtambo mkubwa wa kuzalisha eksirei kali sana), kama ile ya Grenoble nchini Ufaransa, huvunjavunja vinasaba dozi ikizidi takriban grei 2,000 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Ni busara sampuli ya vinasaba ichukuliwe kwanza.

Mwalimu wa Biolojia, Mbeya:
Ahsanteni sana. Kuna mzazi, mfyatua matofali, ameniletea donge la udongo lenye kitu kama taya. Tulioshe?

Mhitimu wa akiolojia, Iringa:
Hapana, Mwalimu, msilioshe wala msilibandue, kwa sababu udongo huo ni sehemu ya ushahidi wa umri wake. Wekeni alama lilipotoka na mtoe taarifa halmashauri, ifike Idara ya Mambo ya Kale; Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba bila kibali. Lakini kabla ya yote mwonyesheni afisa mifugo picha ya simu, maana huenda ikawa taya ya ng'ombe.