Dungu la ngazi, dungu la kupanda nalo au kibanda: kipi kinafaa msitu mzito wa misprusi?

MkaziWaLewiston: Wakuu, habari za huko. Novemba nataka kuwinda kulungu wa mkia mweupe hapa Maine, Marekani. Leseni ninayo, mwenye ardhi ameniruhusu. Msitu wenyewe ni misprusi na mifiri mitupu, miti ya majani kama sindano, giza hata mchana. Pesa yangu inatosha kitu kimoja tu: dungu, yaani jukwaa la kukalia mtini, au kibanda cha kujifichia chini. Nichukue kipi?

Baba_Neema: Dungu la kupanda nalo liondoe kabisa, kaka. Lile linataka shina lililonyooka lisilo na matawi, maana unalisukuma juu hatua kwa hatua. Msprusi una matawi tangu chini; utakesha unayakata, na mti ni wa mwenyewe. Chukua la ngazi, futi 12 zinatosha.

Mama Shani: La ngazi napinga. Kwenye miti ya majani mapana, aliye juu huona mbali. Humu ukipanda unaingia katikati ya majani. Hebu chuchumaa chini ya mifiri mikubwa: matawi ya chini yamekufa kwa kukosa jua, pako wazi, na miguu ya kulungu utaiona kabla ya mwili. Kibanda cha turubai na kigoda kifupi.

Baba_Neema: Na harufu, dada?

Mama Shani: Hata juu itamfikia. Jioni hewa ikipoa huteremka bondeni, na harufu yako hushuka nayo. Keti upepo ukitokea kwake kuja kwako.

Fundi_wa_Nyika: Chagueni mahali kwanza. Ndani ya misprusi kulungu hujificha na kulala. Chakula kingi kiko nje. Tafuta ukingo inapokutana na mialoni, au barabara ya zamani ya magogo. Angalia mashina yaliyochunwa gome kwa pembe. Ukingoni, ngazi inashinda. Ndani, Mama Shani yuko sahihi. Ukipanda, jifunge mkanda wa mwili mzima ungali chini, na bunduki uivute kwa kamba ikiwa haina risasi. Kibandani, tundika kitambaa cha rangi ya chungwa nje, wawindaji wengine wakione kutoka pande zote, kwa sababu turubai linaficha fulana yako ya rangi hiyo. Hili tafadhali usilipuuze.

MkaziWaLewiston: Asanteni sana. Barabara ya magogo ipo, na mialoni kiasi. Basi ngazi. Niisimamishe lini?

Fundi_wa_Nyika: Wiki kadhaa kabla ya msimu, wanyama waizoee. Fyeka mbele tu. Matawi ya nyuma yako yaache, ndiyo yanayoficha umbo lako.