Mdogo wangu anasema Mungu hayupo, nyumbani ni ubishi kila siku. Nizungumze naye vipi?

Dada Mkubwa: Habari za jioni wapendwa. Mdogo wangu amerudi likizo toka chuo, anasema Mungu hayupo. Nikimpa ushuhuda wa waliopona kwa maombi, ananiuliza, "Vipimo viko wapi?" Jana mama kaondoka mezani analia. Sitafuti kumshinda, nataka tuelewane. Nimjibuje?

Mzee wa Karatu: Pole mwanangu. Hilo swali la vipimo usilikwepe, ni la haki. Mwaka 2011 nilikuwepo Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Foleni ya magari kilomita na kilomita, mtu anakunywa akiwa humo humo garini, dawa ya mizizi ya mugariga, shilingi 500. Kila gari lina mashuhuda wake: huyu sukari imeshuka, yule virusi vimekwisha. Wapo walioacha ARV kwa kuamini hivyo. Waliojisikia nafuu tuliwasikia. Waliofia nyumbani nani aliwasikia? Mimi ni mzee wa kanisa na naamini mpaka leo. Ila ukisema ugonjwa umepona, hilo linapimika. Kubali lipimwe.

Sina Dini: Siamini, lakini mzee kasema kweli. Marekani walijaribu kupima maombi kwa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, matokeo yakatoka 2006. Walioombewa bila kuwa na hakika kama wanaombewa, 52% walipata matatizo baada ya upasuaji. Ambao hawakuombewa, 51%. Walioambiwa wazi kwamba wanaombewa, 59%! Hata hivyo dogo asirukie "Mungu hayupo". Pale yalipimwa maombi ya watu wasiowafahamu wagonjwa, kwa siku 14. "Hayupo" nalo ni dai, amelijuaje?

Binti Tanga: Jamani, Mungu anapimwa hospitali? Mwacheni, dunia itamfunza.

Mzee wa Karatu: Hapana binti, maneno hayo ndiyo yanayotufukuzia vijana. Dada, muulize taratibu ni jambo gani hasa lilimtoa, kisha umsikilize mpaka amalize.

Dada Mkubwa: Asanteni sana. Leo usiku namuuliza. Na mama je?

Sina Dini: Mama msimwingize kwenye mdahalo. Dogo amwombe radhi kwa ya jana, na sala ya chakula ikisaliwa atulie kwa heshima. Mimi kwa mama yangu nafanya hivyo hivyo.