Gari la kiongozi limegonga bajaji, polisi wanasema upelelezi unaendelea tu. Tunadai wapi taarifa?

Mkazi wa Bondeni

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua sheria na taratibu za polisi, hasa mliopo hapa Dar.

Wiki iliyopita usiku, mida ya saa tano kasoro, Prado yenye namba za SM iliigonga bajaji kwa nyuma wakati bajaji inapunguza mwendo ishushe abiria. Dereva wa bajaji kavunjika paja, yuko MOI, hospitali ya mifupa pale Muhimbili, mpaka leo. Abiria ni mama mmoja muuza samaki, kapasuka kichwani kashonwa karudi nyumbani. Gari ni la halmashauri na aliyekuwemo ndani ni kiongozi ambaye mtaa mzima tunamjua, simtaji jina wala wilaya kwasababu sitaki mada igeuke ugomvi wa vyama.

Ajali inaweza kumpata yeyote, hilo sina shida nalo. Kinachoniuma ni yaliyofuata. Nilifika vioo vikiwa bado vimetapakaa barabarani, samaki wa yule mama wamemwagika mpaka mtaroni, na kabla majeruhi hawajapakiwa kwenye gari la kwenda hospitali kuna jamaa alishuka kwenye ile Prado na kanga mkononi akaifunga kwenye pleti ya mbele, akazunguka na ya nyuma akaiziba na turubai, ndio akaanza kupiga simu. Haikuchukua muda bredauni ikaja ikalivuta. Trafiki wanafika gari halipo, sasa wanapima nini na nini? Bajaji ikabaki imelala ubavu pale pale mpaka kunakucha.

Asubuhi nikamsindikiza mke wa majeruhi kituoni. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, walitoa bila shida. Ila ukiuliza nani alikuwa anaendesha, upelelezi unaendelea. Dereva alipimwa kilevi? Upelelezi unaendelea. Gari liko wapi? Upelelezi unaendelea. Na barabara hiyohiyo kuna boda alimgonga mwanafunzi si muda mrefu, kesho yake tu jina lake na umri wake na anakoishi vyote vilikuwa vimeshatangazwa na picha juu. Sasa huku mtaani kila mtu ana lake, wengine wanasema kiongozi mwenyewe alikuwa kwenye usukani, wengine dereva wake, wengine wanamtaja hadi mtoto wake, na polisi wangesema sentensi mbili tu haya maneno yangekwisha.

Naomba kujua, mwananchi wa kawaida ana haki ya kujua nini hapo na anaidai kwa nani?

Sheria Mkononi

Pole sana ndugu, mfikishie pole na mgonjwa.

Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Unaandika barua kwa ofisi ya umma inayoshika hiyo taarifa, unaeleza unataka nini, na wao wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Ila usiende na barua ya kulalamika kurasa nne, andika maswali mafupi yanayojibika. Ajali imeandikishwa kwa kumbukumbu namba ngapi, nani ameandikwa kama dereva, alipimwa kilevi saa ngapi, gari linashikiliwa wapi, mkaguzi wa magari ameshalikagua au bado. Sheria hiyohiyo inawaruhusu kuzuia taarifa inayoweza kuharibu upelelezi, kwahiyo ukiomba maelezo ya mashahidi watakunyima na watakuwa na haki. Lakini saa ya kupima kilevi inaharibu upelelezi gani? Pombe inapungua mwilini kila saa inayopita. Kiwango cha mwisho kwa dereva ni miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu, ukimpima mtu kesho yake mchana hujapima kitu.

Barua peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri ubaki nayo. Watu wengi wanapuuza hilo halafu baadaye wanaambiwa hatujawahi kupokea chochote.

Na jambo la fidia msilale. Mkitaka kuishitaki halmashauri lazima kwanza muwape notisi ya siku 90, zamani hiyo ilikuwa kwa serikali kuu lakini tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 na serikali za mitaa zimo, na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kwenye kesi. Mgonjwa asisubiri mpaka atembee ndio aanze kutafuta wakili.

Mzee wa Gerezani

Vijana mnasahau haraka. Machi 2009 hapa hapa Dar, kule Oysterbay, gari alilokuwa anaendesha Andrew Chenge liligonga bajaji wakafa kina mama wawili. Huyo hakuwa mtu mdogo, wakati huo alikuwa mbunge na aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alipelekwa mahakamani Kinondoni na mwaka 2010 akatiwa hatiani, akapigwa faini ya shilingi 700,000. Watu walilalamika sana kuhusu ile hukumu na mimi nilikuwa mmoja wao, roho mbili za watu kwa laki saba. Lakini angalau jina la dereva lilijulikana, kesi ilisomwa hadharani, magazeti yaliandika kila ilipotajwa. Tukabishana juu ya kitu tulichokiona. Nyinyi hapo mnabishana juu ya kanga.

Tulia Kwanza

Mimi naomba nitofautiane kidogo. Mnamuhukumu mtu kabla hajashitakiwa. Katiba ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike, na hiyo ni kwa kiongozi na kwa boda vilevile. Hao wanaomtaja mtoto wa kiongozi wajiangalie, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inabana kusambaza taarifa za uongo na anayekamatwa ni wewe uliyeandika, aliyekusimulia kijiweni hayumo.

Kosa la polisi kwa maoni yangu ni lile la kumtangaza boda siku ya pili. Wangemhifadhi na yeye.

Mkazi wa Bondeni

Mkuu Tulia nakuelewa na ndio maana sijataja jina. Ila hatujasema ana hatia. Mtu kavunjika paja, bajaji yenyewe ni ya mkataba, bosi anataka hesabu yake ya wiki iwe imelala iwe imesimama, watoto wako nyumbani. Huyu mke wake akajibiwe nini? Kumhifadhi boda sawa, lakini kumficha dereva asijulikane hata kwa aliyegongwa hapana.

Usukani Miaka Mingi

Nimeendesha magari ya serikali mpaka nimestaafu kwahiyo sikilizeni hapa. Gari la umma halitoki hivi hivi. Lina logibuku, inaandikwa safari ya wapi, kilomita za kuondokea na za kurudia, nani ameidhinisha na dereva anasaini. Na kwa utaratibu tuliokuwa tunaufuata ikifika saa 12 jioni gari liwe limepaki ofisini, ukitaka kulitumia usiku uwe na kibali cha maandishi. Hilo gari lilikuwa barabarani saa tano usiku. Basi kibali kipo au hakipo, na kikiwepo kina jina la dereva.

Kwahiyo msiwaandikie polisi peke yao. Andikeni na kwa mkurugenzi wa halmashauri muombe logibuku ya siku hiyo na kibali cha usiku. Hapo hakuna upelelezi wa kusingizia, ni karatasi ya ofisini. Mkiandikiwa kwamba aliyekuwa anaendesha ni dereva aliyeajiriwa na alikuwa kazini, basi mwajiri ndiye wa kudaiwa fidia. Mkiandikiwa vingine, hiyo nayo mtaijua pa kuipeleka, Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma inapokea malalamiko ya wananchi.

Na hiyo kuziba pleti kuna mtu kaipiga picha?

Mkazi wa Bondeni

Shukrani sana mzee wangu, hili la logibuku hakuna aliyekuwa amelifikiria. Video ipo, kijana wa kibanda cha chipsi alirekodi kuanzia kanga mpaka bredauni inaondoka, na sauti ya mtu akisema "toa haraka kabla hawajaja" inasikika kabisa. Ameogopa anataka kuifuta.

Sheria Mkononi

Asifute na asiirushe kwenye magrupu. Aiache kwenye simu ileile iliyorekodi, bila kuikata wala kuiwekea maandishi, maana inayotumwa WhatsApp inabanwa na kesho wataanza kubishia saa na tarehe. Atengeneze nakala moja ampe mke wa majeruhi, nyingine akabidhiwe wakili. Kwenye barua ya polisi ongeza swali, bredauni iliitwa na nani na trafiki yupi aliruhusu gari liondolewe kabla ya vipimo kuchukuliwa.

Njoo inbox tuiandike leo usiku, asubuhi muipeleke.