Binti wa miaka 12 anacheza netiboli, riadha na soka, sasa goti linauma. Nimwachishe kipi?

FundiCherehani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Ni fundi cherehani hapa Mwanza, upande wa Buzuruga. Binti yangu wa kwanza ana miaka 12, yuko darasa la sita. Shuleni anacheza netiboli nafasi ya katikati, na sketi za timu nzima nilizishona mimi kwa vitambaa tulivyochanga wazazi. Mwaka jana mwalimu mwingine aliona anavyokimbia, akamwingiza kwenye riadha, mita 800. Halafu kuna timu ya soka ya wasichana hapa mtaani, mazoezi Jumamosi na mechi Jumapili. Huko ndiko roho yake iliko, maana hata akiwa anakula anasimulia mpira.

Sasa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, imekaribia na kila mmoja anamtaka mtoto mzima mzima. Wa netiboli kasema atakayekosa zoezi hata moja haendi ngazi ya kata. Wa riadha kaongeza mbio za alfajiri. Kocha wa mtaani ni kijana mwema, anajitolea bila senti, lakini ukikosa Jumamosi yake, Jumapili unakaa benchi.

Wiki tatu nyuma nilimwona anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Nikamuuliza, akasema hamna kitu. Juzi nampima sketi mpya, mkono ukagusa chini ya goti la kulia, akaruka. Alipotulia akaniambia linauma mwezi na zaidi, lakini alinyamaza kwa sababu "nikisema mtaniachisha". Nililala na hayo maneno.

Baba yake yuko safarini na lori, kwenye simu anasema aache yote asome. Bibi yake anamchua kila jioni kwa maji ya moto na mafuta. Mimi mwenyewe sijawahi kucheza mchezo wowote, kwa hiyo sijui hata nianzie wapi. Nimwachishe kipi?

Msukuma_Halisi

Dada pole. Kwa maoni yangu achague kimoja akikazanie. Kipaji kikigawanywa mara tatu hakikui. Wanaofika mbali walianza mapema na walikuwa na kitu kimoja kichwani.

BabaWatatu_Tanga

Mkuu hapo juu, nakuheshimu, ila naomba nipinge kwa yaliyonikuta nyumbani kwangu.

Mwanangu wa kwanza nilimkazania soka tangu ana miaka 9. Alikuwa anapenda kikapu na kuogelea, nikamkataza yote mawili ili asipoteze muda. Nilimnunulia njumu kabla hata viatu vya shule havijaisha deni. Alipofika 14 akanikalisha chini, akaniambia, baba, sitaki kuuona mpira tena. Hajaugusa mpaka leo. Na kikapu alichokipenda nacho kilishapita. Nilimpenda na nilitaka afike, lakini nilimchagulia mimi.

Na hili la kuanza mapema si sheria kwa michezo yote. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka kama 15 hapa hapa Dar es Salaam, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Najua urefu ulimsaidia. Ila angekuwa amefungiwa kitu kingine tangu ana miaka 9, kikapu kingempata wapi?

Dada, usimwachishe kitu kwa haraka. Kwanza goti.

MazoeziTiba

Mama, mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, magoti ya umri huo nayaona kila siku. Mtandaoni siwezi kumpima mtoto, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya wamshike hilo goti. Ila nikueleze ninachokihisi kutokana na ulichoandika.

Mtoto akiingia kwenye umri wa kurefuka, mifupa inakimbia mbele na misuli inachelewa. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unashuka, unapita kwenye pia ya goti, halafu kano yake inajishikiza kwenye mfupa wa muundi, kwenye kinundu kile unachokigusa chini ya goti. Kwa mtoto mahali pale bado ni laini. Kila akiruka, akikimbia au akipiga mpira, kano inavuta palepale. Ikivutwa mara nyingi mno bila kupumzika, panavimba, panauma, na wakati mwingine kinabaki kijinundu kigumu. Kitaalamu hali hiyo inaitwa Osgood-Schlatter. Wasichana huwapata kwenye miaka 10 mpaka 13 hivi, wavulana huchelewa kidogo. Wengi huisha kabisa mwili ukimaliza kukua.

Mwambie bibi, kwa heshima zote, asimchue tena hapo panapouma. Akitoka mazoezini weka barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 zinatosha. Na tafadhali asipewe dawa ya maumivu kabla ya mechi ili acheze. Dawa itaficha maumivu na kano itaendelea kuvutwa.

Ukiona haya usisubiri, nenda hospitali: maumivu yanamwamsha usiku, goti zima limevimba, ana homa, goti linajifunga halikunjuki, au anachechemea hata akiwa amepumzika siku kadhaa.

Sasa nikuulize kitu kimoja. Je, kuna mtu yeyote amewahi kujumlisha saa zake zote za wiki? Mwalimu wa netiboli anaziona zake, wa riadha zake, kocha zake. Chukua karatasi, andika Jumatatu mpaka Jumapili, kila zoezi na muda wake. Tuletee hapa.

FundiCherehani

Asante sana daktari, na Baba wa Tanga pia, nimekusoma mara mbili.

Nimeandika na mwenyewe akinisomea. Netiboli Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi mpaka kumi na mbili jioni, hizo ni saa 6. Riadha Jumanne na Alhamisi, alfajiri saa moja na jioni saa moja na nusu, jumla 5. Jumamosi soka saa mbili na nusu, Jumapili mechi na kupasha saa moja na nusu. Jumla saa 15. Hakuna siku hata moja tupu. Nimekaa na hiyo karatasi nikaiangalia tu.

MazoeziTiba

Umefanya kazi kubwa. Kuna kipimo rahisi wataalamu wa michezo ya watoto hukitumia: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Ana 12, anafanya 15. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wanashauri angalau siku moja au mbili kwa wiki bila mazoezi kabisa. Na umri huu anahitaji usingizi wa saa 9 na kuendelea. Akiamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, alitakiwa awe amelala saa mbili usiku. Je, analala?

FundiCherehani

Hapana. Saa nne anakuwa bado na daftari.

Mwl_Michezo

Mama, nami niseme kama mwalimu, maana tunatajwa.

Tukikaribia Juni tunakuwa na presha. Shule inakuangalia wewe, afisa anakuangalia wewe, unapewa wiki chache kutoa timu ya kata, kisha wilaya, kisha mkoa. Mtoto mzuri akiwa mmoja, wote tunamkimbilia. Mwenzangu wa riadha hatujawahi kukaa tukaulizana "huyu wewe unamchukua lini?" Nimeandika hivi nikajua kwamba hata shuleni kwangu ndivyo tunavyofanya, na wiki hii nitalibadilisha.

Usiende kulalamika kwa mkuu wa shule kwanza. Nenda na ile karatasi kwa walimu wote wawili siku moja, wakiwa pamoja, muda wa mapumziko. Usiseme mnaniulia mtoto. Iweke mezani waisome wenyewe. Mwalimu akiona saa 15 kwa macho yake ni tofauti na kusikia mzazi anasema mtoto amechoka, kwa sababu kuchoka tunaambiwa kila siku. Na akikwambia "ukikosa zoezi huendi", mwulize kwa upole: akiumia kabisa wiki moja kabla ya kata, nani atacheza katikati?

MamaNeno_Ohio

Nawasalimu kutoka Columbus, Marekani. Mimi ni wa Ujiji, watoto wangu wanakulia huku. Wa pili anacheza michezo mitatu kama binti yako, na nilipofika nilishangaa inawezekanaje.

Huku shuleni michezo inaenda kwa msimu. Soka na wavu ni majira ya mapukutiko, kikapu ni baridi, riadha ni machipuko. Mtoto anacheza yote matatu lakini si wiki moja. Mwili unapata kazi tofauti, na wa kikapu hamdai wakati wa riadha. Sisemi huku ni peponi, kuna vilabu vya kulipia ambavyo vinamaliza mishahara ya wazazi na vinamtaka mtoto mwaka mzima. Lakini hilo la msimu ni la kuiga. Kwenu tatizo si michezo mitatu mpendwa, ni kwamba yote imerundikana kabla ya Juni. Kocha wa mtaani hana mashindano ya kata. Je, soka lisipumzike sasa, lirudi kwa nguvu Julai?

FundiCherehani

Dada yangu wa Ujiji, hilo ndilo gumu. Soka ndilo analolipenda. Nikiondoa hilo nimethibitisha alichokiogopa.

DadaMkimbiaji

Basi mwulize yeye. Namaanisha kwa dhati, karatasi ikiwa katikati yenu. Mpe idadi ya saa, apange mwenyewe.

Nilikimbia shule ya msingi mpaka sekondari, mita 1500. Niliacha kidato cha pili na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Sababu ilikuwa hedhi. Sikuwa na taulo za uhakika, sikuwa na sidiria ya kunishika vizuri nikikimbia, na kocha alikuwa mwanaume, nilikuwa nakufa kwa aibu. Mama yangu alikuwa ananiombea dua kila mashindano, Mungu amrehemu, ila hilo hatukuwahi kulizungumza. Binti yako ana miaka 12. Zungumza naye kabla hayajamkuta, na wewe ni fundi, sidiria ya michezo na kaptura nyeusi ya ndani ya sketi unaweza kumshonea kwa vipimo vyake.

Na chakula. Mtoto wa kukimbia hashindi kwa chai na maandazi. Uji wa dona wenye karanga asubuhi, maharage, mayai, na dagaa, ambao huko kwenu ndiko nyumbani kwao. Akianza hedhi atahitaji madini ya chuma zaidi, kwa hiyo chai asinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini. Chungwa au embe ndilo la kumalizia.

Msukuma_Halisi

Nimesoma yote. Narudisha kauli yangu ya kuchagua kimoja. Dada, anakimbia na nini mguuni?

FundiCherehani

Raba za kitambaa, soli imeisha. Netiboli hizohizo, na uwanja wa shule ni udongo mkavu kama sakafu.

Msukuma_Halisi

Nenda soko la Mlango Mmoja asubuhi, mitumba ikifunguliwa. Usitafute jina, tafuta soli. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba, kirudi chenyewe. Kunja kiatu, kikunjike kwenye vidole, kisikunjike katikati. Na mwende naye avae vyote viwili, usinunue kikubwa ili akue nacho.

FundiCherehani

Wakuu, nimerudi baada ya siku 16.

Kituo cha afya walimshika goti na kusema kama daktari wa humu alivyosema. Wamempa wiki 3 bila kuruka na bila mbio za kasi, na mazoezi ya kunyoosha misuli ya paja. Bibi nilimweleza mwenyewe taratibu, akanyamaza kidogo, kisha akasema basi yeye atakuwa mtu wa barafu. Sasa jirani mwenye friji akisikia hodi jioni anajua.

Karatasi niliiweka mezani kama mwalimu alivyonifundisha. Wa riadha aliisoma akasema hakujua kuna soka. Alfajiri kaifuta palepale, akasema kwa mita 800 mtoto huyu jioni inamtosha. Wa netiboli alikuwa mgumu. Alisema timu ni ya wote, akimruhusu mmoja wengine wataomba. Sikubishana. Siku ya pili akanitumia ujumbe kwamba awe anakuja Jumatatu na Ijumaa, na Jumatano aje akae tu ajifunze kwa kuangalia. Nikamjibu Jumatano abaki nyumbani. Akakubali.

Binti nilimpa kalamu. Nilidhani atafuta netiboli. Akaichora mechi ya Jumapili akaikata, akabakiza mazoezi ya Jumamosi, akasema ligi ya mtaa ipo mwaka mzima lakini UMITASHUMTA akikosa hii, iliyobaki ni moja tu akiwa la saba. Aliwaza hilo peke yake. Kocha wa mtaani amesema benchi halimhusu mtoto mwenye goti. Goti likiruhusu zitakuwa saa 9 na nusu, na siku mbili tupu.

Baba yake karudi juzi. Hajakubali sana. Ila jana nimemkuta uani amemshikia mguu, wanahesabu pamoja sekunde 30 za kunyoosha.

MazoeziTiba

Hongera mama. Ukibonyeza kile kinundu bado anaruka?

FundiCherehani

Anakunja uso, haruki. Ngazi anashuka bila ukuta. Kata ni wiki ijayo, na wiki 3 zake hazijaisha. Ameamua ataenda kubeba maji na mipira ya wenzake, na sketi yake ya C, nafasi ya katikati, amemwazima msichana wa la tano. Nimeipunguza kiuno leo mchana.