Blackmar-Diemer: bliz nashinda, mezani napigwa

Pawni_ya_e4
Wakuu salama? Mi mchezaji wa kawaida tu wa chesi. Nikishika weupe nacheza ufunguzi wa Blackmar-Diemer: naanza pawni d4, jamaa akijibu d5 namtupia pawni ya e4 ya bure hapohapo, akila natoa farasi c3, akitoa farasi wake f6 naweka f3 namwambia kula tena. Bliz za dakika 3 mtandaoni nawachapa mpaka raha. Sasa Jumamosi tukacheza mechi ndefu, mzee mmoja katulia na chai yake, akala zote, akaweka c6, bishopu f5, e6, akanibadilisha malkia, mwisho wa siku niko pungufu pawni moja na shambulizi hamna. Huu ufunguzi ni wa kitoto au mi ndo sijui?

Farasi Kilema
Kosa ni kumruhusu abadilishe malkia mkuu. Ile pawni umenunulia muda na njia ya f iwe wazi kwa ngome yako, malkia wakitoka umenunua hewa. Kwa c6 yake weka bishopu c4, funga upande mfupi (mfalme na ngome wabadilishane nafasi), farasi e5, halafu g4 umfukuze yule bishopu kabla chai haijapoa. Akicheza g6 badala ya c6 ndo tamu zaidi, malkia anapita e1 anatua h4 jamaa anaanza kujikuna.

mteule wa b5
Mi kwenye bliz nakula f3 kwa malkia, sio farasi 😂 Akidaka d4 na malkia wake naweka bishopu e3, akikimbilia b4 nafunga upande mrefu. Hapo wengi wanaleta bishopu g4, anaona kamshika malkia na ngome nyuma yake, kumbe ndo kajimaliza: farasi b5! Akila malkia wangu, farasi c7 ni mati, ngome ya d1 imeshafunga njia yote ya d. Akila farasi kwa malkia, bishopu wangu wa f1 anamla na cheki juu. Ila akipeleka malkia g4 badala ya b4 mtego umekufa, na uko chini pawni 2, usiseme sikukwambia.

Mzee wa Injini
Injini (programu ya kompyuta ya chesi) inampa mweusi nafuu, tusidanganyane. Blackmar mwenyewe, Mmarekani wa karne ya 19, alikuwa anawahi f3 kabla ya farasi, mtu anajibu e5 biashara imeisha. Diemer yule Mjerumani (1908–1990) ndo aliishikia bango hii ya farasi c3 kwanza, na hata hapo kuna wanaojibu e5 vilevile na wanapumua vizuri tu.

Pawni_ya_e4
Asanteni, Jumamosi namrudia na farasi e5. Akinipiga tena nahamia ufunguzi wa London kama wengine.

Mzee wa Injini
Na akijibu e6 hatua ya pili badala ya kula? Hapo umeshaingia difensi ya Ufaransa, ufunguzi mwingine kabisa, gambiti (ile pawni ya bure) hamna.

Pawni_ya_e4
Duh.